Kujifungisha ili kupata chaguo la juu NBA: jinsi ya kupima kama kunalipa

Timu inayoburuza mkia katika ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, NBA, haishuki daraja. Hubaki palepale, tena hupewa nafasi nzuri ya kuchagua kijana bora kati ya wanaoingia ligi mwaka huo. Ndipo linapozuka swali ambalo mashabiki hulibishania kila ifikapo Machi: msimu ukishaharibika, si bora kupoteza na michezo iliyobaki ili upate chaguo la juu zaidi?

Jibu letu ni hili. Kujifungisha, yaani kupoteza kwa makusudi, kwa wiki chache za mwisho, timu ikiwa tayari ni mbovu na chaguo ni lake, hulipa kidogo. Kujifungisha kwa miaka mitatu mfululizo, ukitarajia nyota atashuka na kukuokoa, kwa kawaida hakulipi. Hapa chini tunaonyesha namna ya kupima mwenyewe, timu kwa timu. Unahitaji kalamu, msimamo wa ligi, na subira kidogo ya hesabu.

Kwanza tusichanganye mambo. Kujifungisha si kuuza mechi. Anayeuza mechi ni mchezaji au mwamuzi aliyepokea fedha. Wanaojifungisha katika NBA ni ofisi, yaani meneja mkuu na wenye timu, ambao hupanga kikosi kisichoweza kushinda. Wachezaji wenyewe hupigana hadi dakika ya mwisho, kwa kuwa kijana wa mkataba wa siku 10 hana sababu yoyote ya kupoteza ili timu imlete mtu wa kuchukua namba yake mwakani. Ukimwona mchezaji amekosa mtupo wa wazi, usimtuhumu. Tazama nani hakuvaa jezi siku hiyo.

Anza na kanuni za mwaka husika

NBA imebadili kanuni hizi mara nyingi, na kila badiliko lilikuja baada ya timu fulani kuzitumia vibaya au bahati kwenda kombo. Hadi 1984 timu mbili za mwisho, moja kutoka kila kanda, zilirushiwa sarafu. Houston Rockets ilimpata Ralph Sampson kwa sarafu hiyo mwaka 1983, ikapata tena chaguo la kwanza 1984 na kumchukua Mnigeria Hakeem Olajuwon, huku ikilaumiwa kwamba ilipoteza kwa makusudi. Mwaka 1985 ikaanzishwa bahati nasibu: bahasha saba, kila timu na nafasi sawa. Mwaka 1990 timu mbovu zikaongezewa uzito, yaani uwezekano wa kupata chaguo la kwanza. Mwaka 1993 Orlando Magic, iliyoshinda 41 na kupoteza 41, ikaibuka ya kwanza kwa nafasi 1 kati ya 66, na mwaka uliofuata timu ya mwisho ikapandishiwa uzito hadi asilimia 25. Uzito huo ndio uliowavuta wengi kwenye kujifungisha, hadi 2019 ulipopunguzwa kuwa asilimia 14.

Kwa hiyo unaposoma mtu akisema "timu ya mwisho ina robo ya nafasi", ujue anazungumzia kanuni zilizokwisha kuzikwa. Hesabu zote hapa chini ni za kanuni zilizoanza 2019. Kama ligi imezigusa tena kwa mwaka unaoukagua, badilisha asilimia na uache njia ya kukokotoa kama ilivyo.

Mashine yenyewe ni rahisi kuielewa ukiiona. Ndani ya chombo cha uwazi kuna vipira 14 kama vya mpira wa meza, vyenye namba 1 hadi 14. Upepo huvirusha kwa sekunde 20, kipira kimoja hufyonzwa juu, kisha vingine vitatu kila baada ya sekunde 10. Mpangilio wa namba nne hauhesabiwi, bali namba zenyewe. Kuna michanganyiko 1,001 ya namba nne kati ya 14. Mmoja, 11-12-13-14, hauna mwenyewe, ukitoka wanachezesha upya. Iliyobaki 1,000 hugawanywa hivi: timu tatu za mwisho 140 kila moja, ya nne 125, kisha 105, 90, 75, 60, 45, 30, 20, 15, 10 na ya kumi na nne 5. Timu zikilingana kwa ushindi, hugawana michanganyiko yao.

Uchezeshaji hufanyika mara nne tu, kwa nafasi ya 1 hadi ya 4. Kuanzia nafasi ya 5 timu hupangwa kwa ubovu wa rekodi. Ndiyo maana timu ya mwisho haiwezi kushuka chini ya chaguo la 5, ya pili kutoka mwisho haishuki chini ya la 6, na ya tatu chini ya la 7. Kinga hii ya chini ndiyo kitu pekee ambacho timu ya mwisho kabisa inacho na zile mbili zinazoifuata hazina.

Chukua kalamu

Watu wengi hutazama asilimia ya chaguo la kwanza peke yake. Usifanye hivyo. Tafuta wastani wa chaguo utakalopata: zidisha kila nafasi kwa uwezekano wake, kisha jumlisha.

Timu ya mwisho ina uwezekano wa asilimia 14.0 kupata chaguo la 1, 13.4 la 2, 12.7 la 3, 12.0 la 4, na 47.9 la 5. Hesabu yake: 0.140 + 0.268 + 0.381 + 0.480 + 2.395. Jumla ni takribani 3.7. Yaani ukichezesha mara nyingi sana, timu ya mwisho hupata kwa wastani chaguo lililo kati ya la 3 na la 4, na karibu nusu ya mara zote huangukia la 5.

Ya pili kutoka mwisho ina namba zilezile kwa nafasi nne za juu, kisha 27.8 kwa la 5 na 20.0 kwa la 6. Wastani wake ni takribani 3.9. Ya tatu ina 14.8 kwa la 5, 26.0 kwa la 6 na 7.0 kwa la 7, wastani takribani 4.1.

Ziangalie tena namba hizo: 3.7, 3.9, 4.1. Tofauti kati ya timu mbovu kuliko zote na ile ya tatu haifiki hata nusu ya nafasi moja. Timu iliyo ya tatu kutoka mwisho ikiwa na michezo 15 imebaki, halafu ikawaweka vijana wake wazuri benchi ili iwe ya mwisho, inauza michezo 15 ya mafunzo kwa bei ya kutupa. Hili ndilo kosa tunaloliona mara nyingi zaidi, na ndilo linalotuuma zaidi, kwa sababu dakika za ushindani wa kweli kwa kijana wa miaka 20 hazirudi.

Katikati ya jedwali mambo ni tofauti. Uwezekano wa kuingia nne bora ni asilimia 52.1 kwa timu tatu za mwisho, kisha 48.1, 42.1, 37.2, 32.0, 26.3, 20.3, na 13.9 kwa ya kumi. Timu ikiteleza kutoka nafasi ya kumi toka mkiani hadi ya saba inapanda kutoka 13.9 hadi 32.0. Huko kila hatua moja ina thamani kuliko kule mkiani, na ushindi mmoja au miwili tu ndio hutenganisha timu. Kanuni za 2019 zilikusudiwa kuondoa kishawishi, lakini sehemu yake zimekihamisha tu kutoka mkiani hadi katikati.

Sasa linganisha hesabu na yaliyotokea. Kuanzia 2019 hadi 2025 bahati nasibu ilichezeshwa mara saba, na timu yenye rekodi mbovu kuliko zote haikupata chaguo la kwanza hata mara moja. Detroit Pistons iliangukia la 5 mwaka 2023, alipotoka Victor Wembanyama, Mfaransa ambaye baba yake ana asili ya Kongo. Mwaka 2024, baada ya kushinda 14 na kupoteza 68, ikaangukia la 5 tena. Utah Jazz, 17 kwa 65, nayo ikapata la 5 mwaka 2025, huku Dallas Mavericks yenye ushindi 39 ikimchukua Cooper Flagg kwa uwezekano wa asilimia 1.8. Kupata si kwa werevu na kukosa si ujinga, lakini meneja anayejenga mpango mzima juu ya asilimia 14 ajue kwamba asilimia 86 ziko upande mwingine.

Chaguo ni la nani?

Kabla ya kuendelea na hesabu yoyote, hakikisha kwamba chaguo bado ni la timu hiyo. Timu huuza machaguo yao ya miaka ijayo ili kupata wachezaji sasa. Brooklyn Nets iliuza machaguo kadhaa kwa Boston Celtics mwaka 2013 ili kuwapata Kevin Garnett na Paul Pierce. Nets ilipoporomoka, aliyenufaika ni Boston: Jaylen Brown, chaguo la 3 mwaka 2016, alitokana na biashara hiyo, na Jayson Tatum, la 3 mwaka 2017, pia. Boston ilipata nyota wake wawili huku yenyewe ikishinda michezo.

Kisha angalia kinga. Chaguo linaweza kuuzwa kwa sharti, kwa mfano: "ni lenu, ila likiangukia kati ya la 1 na la 10 tunabaki nalo". Hapa ndipo kujifungisha kwa muda mfupi kunapolipa kweli, kwa sababu mstari uko wazi: upande huu una mchezaji, upande ule huna kitu. Golden State Warriors ilifanya hivyo 2012. Chaguo lake lilikuwa na kinga ya 1 hadi 7, ikamaliza 23 kwa 43 sawasawa na Toronto, ikashinda urushaji wa sarafu, ikabaki na la 7 na kumchukua Harrison Barnes.

Mfano wa karibu zaidi ni Dallas, tarehe 7 Aprili 2023. Chaguo lake lilikuwa linaenda New York Knicks isipokuwa liangukie katika kumi la juu. Timu ilikuwa bado haijatolewa kwenye mbio za kuwania mchujo, lakini siku hiyo Kyrie Irving hakucheza, wala wenzake kadhaa wa kikosi cha kwanza, na Luka Doncic alitolewa mapema robo ya pili, akiwa amecheza dakika zipatazo 13. Chicago ikashinda 115 kwa 112. Ligi ikaipiga Dallas faini ya dola 750,000. Lakini chaguo likabaki la 10, Dallas ikalibadilishana na Oklahoma City kwa la 12, ikamchukua Dereck Lively, na mwaka uliofuata alikuwa nguzo ya timu iliyofika fainali. Oklahoma City kwa chaguo lile la 10 ikampata Cason Wallace, aliyetwaa ubingwa 2025. Faini ile, kwa hesabu baridi, ilikuwa bei nafuu sana. Hatupendi hilo, mashabiki walilipa kuona mchezo, ila ukikagua kama njia inafanya kazi huwezi kulificha.

Memphis, na Mtanzania wetu

Ukitaka kuona kwa nini nafasi ya chaguo ni nusu tu ya kazi, ifuatilie Memphis Grizzlies.

Mwaka 2007 ilikuwa timu mbovu kuliko zote, 22 kwa 60, na zawadi ilikuwa Greg Oden au Kevin Durant. Ikaangukia la 4, ikamchukua Mike Conley. Boston, ya pili kutoka mwisho, ikaangukia la 5, ikalitumia kumpata Ray Allen, kisha ikamleta Garnett, ikawa bingwa 2008.

Mwaka 2009 bahati ikageuka. Memphis na Minnesota zilikuwa zimelingana kwa 24 kwa 58, na kulikuwa na timu nne mbovu kuliko wao. Memphis ikaruka hadi la 2, huku Sacramento iliyokuwa ya mwisho ikishuka hadi la 4. Kwa chaguo hilo Memphis ikamchukua Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, aliyetoka chuo cha Connecticut akiwa na urefu wa mita 2.21. La 3 likawa James Harden. La 7 likawa Stephen Curry. Wote wawili wakaja kuwa nyota wa ligi.

Wengi hapa nyumbani bado wanamlaumu Thabeet. Sisi tunailaumu kwanza ofisi iliyochagua. Memphis tayari ilikuwa na Marc Gasol katika nafasi ileile ya kati, akiwa ndiyo kwanza amemaliza msimu wake wa kwanza NBA. Kijana aliyehitaji dakika nyingi za kujifunza aliwekwa nyuma ya mtu ambaye hakuwa wa kutolewa. Februari 2010 alipelekwa ligi ya maendeleo, na Februari 2011 akauzwa Houston. Timu iliyofika fainali ya kanda mwaka 2013 ilijengwa na Conley, Zach Randolph aliyepatikana kwa kubadilishana, na Gasol, ambaye Lakers ilimchagua wa 48 mwaka 2007.

Kwa hiyo weka swali hili kwenye ukaguzi wako: kijana atakayechaguliwa atacheza wapi, na dakika ngapi? Timu isiyo na jibu haina sababu ya kujifungisha, hata ikipewa chaguo la kwanza bure.

Angalia pia kizazi cha mwaka huo. Wembanyama 2023 au LeBron James 2003 ni jambo moja, mwaka usio na nyota wa wazi ni jambo jingine, na bei ya kupoteza ni ileile. Faida ya kijana mwenyewe ni kubwa kifedha: mkataba wa kwanza ni wa miaka 4 kwa mshahara uliopangwa na ligi. Wembanyama alianza na takribani dola milioni 12 kwa mwaka, pesa ndogo kwa kiwango alichocheza. Lakini faida hiyo inadumu miaka 4 tu, na saa huanza kuhesabu siku ya kwanza, hata akiwa majeruhi.

Dalili za kuangalia

Soma ripoti ya majeruhi kuanzia mwisho wa Februari, dirisha la kubadilishana wachezaji likishafungwa. Mchezaji mzuri mwenye "maumivu ya mgongo" yasiyoisha, anayecheza Jumatatu akakosa Jumatano, ni dalili. Nyingine ni nyota kuanza mchezo na kutorudi robo ya nne huku pengo likiwa pointi sita. Mkongwe kurudishwa nyumbani akiwa mzima, kama Oklahoma City ilivyofanya kwa Al Horford Machi 2021, ni dalili isiyohitaji tafsiri.

Dalili moja peke yake haitoshi. Timu mbovu huumia kweli, na vijana huhitaji kuchezeshwa. Ukiona tatu kwa pamoja, dhidi ya timu inayokaribiana nayo kwenye msimamo, sema bila woga.

Gharama isiyoandikwa kwenye jedwali

Philadelphia 76ers ilijaribu jambo hili kwa ukamilifu kuliko timu yoyote. Chini ya Sam Hinkie ilishinda 19, kisha 18, kisha 10, yaani 47 kwa 199 katika misimu mitatu. Ilimpata Joel Embiid wa Kameruni, la 3 mwaka 2014, aliyekosa misimu miwili kwa jeraha la mguu kabla ya kuwa mchezaji bora wa ligi 2023. Ilimpata Ben Simmons, la 1 mwaka 2016. Lakini pia ilimchukua Jahlil Okafor wa 3 mwaka 2015, na 2017, Hinkie akiwa ameshaondoka, ikapanda hadi la 1 kwa kubadilishana na Boston, ikamchukua Markelle Fultz, aliyecheza michezo 14 tu msimu wa kwanza. Boston ikashuka hadi la 3, ikamchukua Tatum. Matunda ya mateso yote yale: timu nzuri, lakini haijawahi kuvuka raundi ya pili ya mchujo ikiwa na Embiid.

Charlotte Bobcats ilishinda 7 na kupoteza 59 mwaka 2011–12. Katika kikosi kile alikuwemo Bismack Biyombo wa Lubumbashi, akiwa na miaka 19, katika mwaka wake wa kwanza. Fikiria kijana anajifunza kazi katika timu inayoshinda mara moja kwa kila michezo tisa. Kisha bahati nasibu ikaipa New Orleans nafasi ya kumchukua Anthony Davis, Charlotte ikabaki na la 2.

Na ukitaka kipimo kikali zaidi, orodhesha wachezaji bora wa fainali kuanzia 2019 hadi 2025 na namba walizochaguliwa: Kawhi Leonard 15, LeBron James 1, Giannis Antetokounmpo 15, Curry 7, Nikola Jokic 41, Brown 3, Shai Gilgeous-Alexander 11. Wawili tu walitoka katika tatu za juu. LeBron alijiunga na Lakers akiwa mchezaji huru, na Brown alitokana na chaguo la Brooklyn. Shai aliletwa Oklahoma City kwa kubadilishana 2019, pamoja na chaguo lililokuja kuwa Jalen Williams, wa 12 mwaka 2022. Oklahoma City ilijifungisha misimu miwili, 22 kwa 50 na 24 kwa 58, ikampata Chet Holmgren wa 2, lakini nguzo ilikuwa tayari imesimama kabla hawajaanza kupoteza.

Wakati wa kuacha

Weka mwisho kabla ya kuanza: msimu mmoja, au miwili kama nyota wa kujengea tayari yupo. San Antonio ilipoteza 62 mwaka 1996–97 kwa kuwa David Robinson alicheza michezo 6 tu. Ikampata Tim Duncan, Robinson akarudi, na 1999 ikawa bingwa.

Ikiwa kijana tayari yupo, acha kupoteza hata kama chaguo la juu halijaja. Detroit ilimchukua Cade Cunningham wa 1 mwaka 2021, ikaendelea kuzama hadi ikapoteza 28 mfululizo msimu wa 2023–24. Kilichoinua timu ile msimu uliofuata ni kocha mpya, J.B. Bickerstaff, na wakongwe wanaojua kutupia kutoka mbali: Tobias Harris, Malik Beasley, Tim Hardaway Jr. Ilitoka ushindi 14 ikafika 44, na chaguo lake la 5 la mwaka ule, Ron Holland, alikuwa akitokea benchi.